Mrejesho: printa ya kuchapa picha za sanaa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue printa ya wino wa rangi iliyoyeyuka kabisa (dye) au wa pigmenti, yaani wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, kwa picha ninazowauzia watalii hapa Zanzibar. Wengi mlisema pigmenti, nikachukua Canon PRO-300: wino 10, karatasi hadi A3+ (kubwa kidogo kuliko A3). Kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, nyeusi imekolea hasa! Uliyeniambia nipakue profaili ya karatasi yenyewe (faili linaloelekeza rangi zitoke sawa kwenye karatasi hiyo), ubarikiwe sana.

Ila picha za mwanzo zilitoka giza, karatasi sita za bei mbaya zikawa zimekula kwangu. Kosa langu, skrini ya kompyuta ilikuwa na mwanga mkali mno, picha zikaonekana angavu kuliko zilivyo; nimeupunguza. Ule ushauri wenu wa kuchapa walau ukurasa mmoja kila wiki, wino usikaukie ndani, niliupuuza, nikaenda Pemba mwezi mzima. Kusafisha kichwa cha printa, kile kinachorusha wino, kumekunywa wino, weee!

Asanteni sana.