Naomba ushauri: Mama alipigwa CT kuangalia mbavu, ripoti imeleta mengine

Mleta uzi
Wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 74, na huu ni mwaka wa sita anatibiwa mifupa iliyopungua uzito: alendroneti ya miligramu 70 kila Jumapili pamoja na vidonge vya kalsiamu, tangu alipoteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. Wiki iliyopita alianguka tena, akawa anavuta pumzi kwa shida, tukampeleka akapigwa CT ya kifua, ile picha ya mionzi ya kompyuta. Daktari wa zamu alisema mbavu ni nzima, akaandika dawa ya maumivu, tukarudi nyumbani. Jioni nilipoisoma ripoti ndipo nilipoona kwamba pafu la kulia, upande wa juu, lina kinundu cha milimita 5 chenye kalsiamu. Kwamba ana ngiri ndogo ya tumbo iliyopanda kifuani. Na kwamba pingili ya nane ya uti wa mgongo, sehemu ya kifua, imebonyea. Kaka anataka akakatwe kinyama cha kinundu kikapimwe haraka, dada anasema tusimtie mzee hofu. Je, hii ni saratani iliyotoka kwenye mifupa, au ni vile vidonge vya kalsiamu vimeganda mapafuni?

Msoma Picha
Pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni picha za mionzi, lakini ya mama sijaiona, kwa hiyo haya yapeleke kwa daktari wake kama maswali. Mifupa kupungua uzito si saratani, haina cha kusambaza, na kalsiamu ya vidonge haiendi kujenga kinundu kimoja pafuni. Mama aliwahi kuugua kifua kikuu? Kovu lake hukaa juu ya pafu na mwili hulizungushia kalsiamu. Kama kalsiamu imekijaza kinundu chote au imekaa katikati, hiyo ni dalili njema; ikiwa imekaa pembeni tu, hadithi ni nyingine. Kwa mtu asiyevuta sigara na asiyewahi kuwa na saratani, kinundu kigumu kilicho chini ya milimita 6 kwa kawaida hakilazimu kurudiwa kupimwa, na mwenye hatari kubwa zaidi huweza kurudia baada ya miezi 12. Kukata kinyama cha milimita 5 ni kumsumbua mzee bure. Tafuteni picha yake yoyote ya zamani ya kifua, hata iliyofungwa kwenye bahasha kabatini, kwa kuwa kinundu kilichokaa miaka bila kukua kimejieleza chenyewe.

Bibi Afya
Mimi naona mnababaishwa na kinundu wakati habari nzito ni pingili. Ikiwa imebonyea akiwa ndani ya dawa, basi ama dawa haifanyi kazi, ama hainywewi inavyopasa, ama kuna ugonjwa mwingine unaokula mifupa, na hilo la mwisho huanza kutafutwa kwa vipimo vya damu. Hebu tueleze, hiyo dawa ya Jumapili anainywaje?

Mleta uzi
Kifua kikuu aliugua akiwa kibarua wa mkonge Tanga, akamaliza dozi. Sigara hajawahi kuvuta. Kuhusu dawa, nimemuuliza leo. Anaimeza alfajiri kwa chai ya maziwa pamoja na kalsiamu, kisha anarudi kulala. Amesema kifua humchoma kila Jumapili, akadhani ni uzee.

Bibi Afya
Basi huenda miaka sita yote dawa imekuwa ikiingia kidogo sana, na kwa mwenye ngiri ile, kulala baada ya kuimeza kunaweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, akae wima angalau nusu saa kabla ya kula chochote, na kalsiamu isubiri baadaye. Ila kwa kuwa kifua kinamchoma, Jumapili hii asiimeze kabla daktari hajamwona. Muulizeni daktari pia kuhusu sindano ya mifupa ya zoledroniki inayochomwa mara moja kwa mwaka, ambayo haipiti kooni, lakini kabla yake lazima figo zipimwe.

Mleta uzi
Ahsanteni. Tumepata miadi Jumatano, na kaka ameshaanza kupekua kabati la mzee kutafuta bahasha.