Tupeane uzoefu: siku jina la ugonjwa lilipokutisha kuliko ugonjwa wenyewe

Chumvi ya Mawe: Wakuu, leo napanga kabati nimekuta daftari langu la matibabu la 2009. Pameandikwa UTI, basi. Siku ile mama alilisoma tukiwa kwenye daladala, akashika kichwa: "Mwanangu ana uti wa mgongo!" Tukashukia Manzese, tukakodi teksi mpaka hospitali kubwa, mama ananikanda shingo njia nzima isije ikakakamaa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe njia ya mkojo! Nani mwingine kachezewa na majina haya, hasa ya ubongo, neva na akili?

Kipanga: Wa UTI tupo wengi. Nimekaa pale.

Mama Kulwa: Baba mkwe wangu ana sukari, usiku nyayo zinamwaka moto, hata shuka hataki imguse vidole. Daktari akamwambia mishipa ya fahamu imeathirika. Mzee akanuna. Nyumbani akamwita mume wangu chemba: "Mimi mshipa sina, na fahamu zangu ninazo." Kwao mshipa ni busha. Dawa hakugusa miezi miwili, mpaka nesi mmoja akamwambia ni nyaya za mwili. Fundi umeme mstaafu yule. "Kumbe shoti! Si mngesema?"

Kiraka: Siku hizi kila aliyefulia ana "sonona", yaani depression. Neno la kutengenezwa ofisini hilo.

Mwana Pangani: Kiswahili umejifunzia wapi wewe? Bibi yangu akifiwa alikuwa anasema moyo unamsonona, na hiyo ofisi haijajengwa.

Kiraka: Moyo kusonona si ugonjwa.

Mwana Pangani: Miezi minne nimelala sakafuni, sili, sikogi, nayo ni kufulia? Nilipoandikiwa sonona nilishukuru. Kabla ya hapo nilikuwa naitwa mvivu.

Baba Neema: Kiraka na mwenzako tulieni kidogo, niandike tu.

Mke wangu, mimba ya kwanza, miezi minane. Miguu imevimba, uso umevimba, kichwa kinamgonga siku ya tatu, anasema anaona vimulimuli. Jirani akatuambia mtoto wa kiume huyo, tukacheka. Saa nane usiku nasikia kitanda kinatetemeka. Namulika na simu: macho meupe, meno yamebana, povu lina damu. Dada yangu akaja mbio na kijiko, nikakipokea nikalazimisha mdomoni. Jino la mbele likakatika.

Hospitali nesi akatamka mbele ya ukoo: "Ana kifafa cha mimba." Hilo neno la mwisho hakuna aliyelisikia. Presha 180 kwa 120, ndani wanamchoma magnesiamu na kumwandaa kwa upasuaji, nje kwenye benchi wazee wanadai tumefichwa, ng'ombe warudi. Neema akatolewa mzima. Nyumbani mama yangu akamtengea mke wangu kikombe na sahani, jikoni marufuku asije akaangukia moto. Wiki ya sita daktari akamwita mama ndani, akamweleza kwamba hiyo ni presha ya ujauzito, kifafa chenyewe ni ugonjwa mwingine kabisa. Akatoka kimya. Kikombe alikirudisha kabatini mwenyewe. Samahani hajatamka mpaka leo.

Mama Kulwa: Nimelia, shemeji.

Ng'wana Sato: Ukikosa kijiko unamnusisha kitunguu.

Kipanga: Kwetu kiatu.

Nesi wa Zamu: Jamani! Hakuna kijiko, kitunguu wala kiatu. Mlaze ubavu, mtoe karibu na moto na vitu vikali, tazama saa. Ikizidi dakika tano, hospitali. Mjamzito usihesabu hata dakika, mkimbizeni. Na kifafa chenyewe hakiambukizi kwa povu wala kikombe.

Ng'wana Sato: Na degedege? Wazee wanasema mtoto akichomwa sindano anakufa.

Nesi wa Zamu: Wazee hao ndio wanaotuletea mtoto siku ya tatu, malaria imeshapanda kichwani. Akifa mkononi mwetu, sindano ndiyo imeua.

Kiraka: Nesi, skizofrenia ndiyo ile ya mtu mwenye watu wawili ndani?

Nesi wa Zamu: Hapana. Jina ndilo linapoteza watu. Eugen Bleuler wa Uswisi alilitangaza 1908, akaunganisha Kigiriki cha kupasuka na cha akili. Mgonjwa ni mtu mmoja, anasikia sauti msizozisikia, anaamini visivyokuwepo. Na usimwite kichaa, maana naona unakuja huko.

Kiraka: Sijasema kitu!

Mama Kulwa: Baba Neema, mpeleke akaweke jino basi.

Baba Neema: Hela nimeshampa mara mbili. Anasema libaki hivyo hivyo niwe naliona.

Ng'wana Sato: Kitunguu nilisema cha kunusa tu lakini.