Mrejesho: Yule dogo aliyekuwa hataki kusoma

Mwezi uliopita niliomba ushauri: mwanangu wa darasa la pili hagusi kitabu, na mdogo wake alikuwa njiani kuzaliwa. Mkaniambia niache kununua kwa kubahatisha, niende maktaba hapa Mwanza nimuulize mkutubi. Jumamosi nikaenda na dogo.

Yule mama hata hakuniangalia. Aliinama, akamuuliza mwenyewe: "Baba, ukitoka shule unapenda nini?"

"Kuangalia sangara wakipimwa sokoni Mwaloni."

Basi, akaletewa kitabu cha samaki, mapezi na magamba yamechorwa makubwa, chini mistari miwili tu. Akaambiwa afungue ukurasa wowote asome, huku akikunja kidole kila neno likimshinda. Vikiisha vitano, kitabu kinamzidi. Alikunja vitatu.

Kwa ajili ya kichanga alitupatia hadithi ya kaka anayemwonea mdogo wake wivu, akasisitiza nimsomee kabla mama yake hajajifungua. Hapo nilizembea, mke wangu akajifungua Jumatano. Tukaisoma hivyo hivyo, kichanga kinalia, kaka mtu ameziba masikio.

Cha samaki kashakirudia mara nne na kukirudisha hataki. Jana kanibana: mbona kitabu hakisemi kuwa sangara si mwenyeji wa ziwa hili la Victoria, aliletwa tu miaka ya 1950? Kaambiwa na wavuvi. Nikabaki nakuna kichwa. Jumamosi tunarudi kwa yule mama, amjibu yeye.