Wagonga milango wa umeme Massachusetts wanatuchuna kwa jina la mpango wa umeme wa siti (serikali ya mji), na siti yenyewe iko kimya

Wakuu, mpangilio mbovu mtanivumilia maana naandika nikiwa nimevurugwa kabisa.

Kuna mama mmoja Mkongo anakaa ghorofa ya chini yangu, mtu wa Fizi, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka kabla hajaletwa huku. Juzi kaniletea bili ya umeme nimsomee, nafungua ukurasa wa pili pale kwenye mchanganuo, nakuta jina la kampuni ambayo sijawahi kuisikia na bei yake kwa uniti iko juu kuliko ninayolipa mimi, jengo lilelile, nyaya zilezile! Namuuliza mama hii kampuni umeitoa wapi, ananiambia "walikuyaka vijana wawili mwanangu, wamevaa vitambulisho, wakasema siti ndio imewatuma kutupunguzia bili". Wakaomba karatasi ya umeme, mmoja akaipiga picha, wakampa tableti aweke kidole. Imeisha hiyo.

Sasa kwa wale wageni ambao hamjui hii kitu inavyoenda. Hapa Massachusetts tangu sheria ya 1997 mwenye nguzo na anayeuza umeme wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Usifikirie Tanesco au Kenya Power, unanunua tokeni kwa huyohuyo mwenye waya. Huku Eversource au National Grid ndio wanaleta umeme, wanasoma mita, wanatuma bili, ukikatika unawapigia wao, ila umeme wenyewe unaweza kuwa umenunuliwa kwa saplaya mwingine ndio maana bili ina mafungu mawili. Sheria hiyohiyo ikaruhusu mji ukusanye wakazi wake ununue umeme kwa jumla kwa niaba yao. Cape Cod ndio walitangulia, Boston wakaanza 2021, Worcester na Lowell nao wanao. Na huombi kuingia, unaingizwa! Inakuja barua, una siku 30 za kukataa, ukikaa kimya umo, na hata baadaye ukitaka kutoka unatoka bila faini.

Mpango wenyewe mimi sina ugomvi nao, niseme ukweli. Hakuna anayekuahidi kwamba kila mwezi utalipa pungufu, ila bei inafungwa kwa muda wa mkataba wakati ile ya kawaida, ya Eversource au National Grid, inapanda na kushuka. Waliokuwepo winta ya 2022 kwenda 2023 wanakumbuka, National Grid bei ya kawaida ilifika karibu senti 34 kwa uniti, watu wanawasha hita huku wanasali, wakati miji iliyokuwa imefunga bei mapema watu wake walilipa chini sana.

Kinachoniuma ni kwamba ukishakuwa na saplaya wako binafsi mpango wa mji unakuruka, haukuandikishi. Kwahiyo hawa jamaa wanatumia jina la mpango kukutoa kwenye mpango!! Wanakuanzia na bei tamu, miezi michache baadaye inapaa, wewe unajua ni baridi tu kumbe unanyonywa. Na siyo siri hii, ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, enzi za Maura Healey ambaye sasa hivi ni gavana, ilitoa ripoti 2018 kwamba kuanzia Julai 2015 mpaka Juni 2017 wateja wa majumbani wa hizi kampuni walilipa dola milioni 176.8 zaidi ya ambazo wangelipa kama wangebaki kwenye bei ya kawaida. Na walionaswa zaidi ni wenye kipato kidogo. Yaani sisi.

Halafu siti. Barua yao imejaa Kiingereza cha mawakili, bahasha haina tofauti na zile za matangazo ya kadi za benki, nani anaifungua?? Kikao cha maelezo kinawekwa saa ambayo nusu ya jengo letu wako shifti ya warehouse. Mnajua kabisa jengo hili limejaa Waswahili, kanisa letu mnalijua, wakati wa kura mnakuja mpaka na maspika, suala la umeme linawashinda nini?

Mtu akigonga anasema katoka kwenye mpango wa umeme wa mji, muulize swali moja tu, kama nishaingizwa tayari, bili yangu unaitakia nini? Msimpe karatasi, akaunti namba yako ndio kila kitu. Ambaye ashanaswa apige simu kwa huyo saplaya avunje mkataba, ila aulize kwanza faini ya kutoka, halafu apige siti aombe kuingizwa. Yule mama tumempigia simu kwa niaba yake, tumewekwa kwenye foleni na muziki wao mpaka simu ikakata, kesho tunarudi tena.

Na wewe kijana wetu unayezungushwa na hao jamaa kwa kamisheni, wanakuchukua kwa sababu unaongea Kiswahili na akina mama wanakufungulia mlango wakikuita mwanangu, najua humu unasoma. Jitokeze utuambie kwa kila kichwa unalipwa shilingi ngapi.