Mafundi wa Dodoma, kubadilisha anwani ya mtumaji wa barua pepe siyo kufuta na kuandika nyingine!

Wakuu, hili nimelivumilia vya kutosha.

Tunauza vifaa vya ofisi hapa Majengo, na wateja wetu wengi ni maofisi ya serikali kule Mtumba. Tukanunua domeni (jina letu la mtandaoni) ya .co.tz ili profoma zitoke kwa jina la kampuni, tuachane na Gmail. Fundi akaja, akafungua Thunderbird, programu yetu ya barua pepe, mipangilio ya akaunti, kwenye kisanduku cha anwani akafuta ya zamani akaandika mpya. "Tayari bosi." Akachukua hela akaondoka.

Tayari kitu gani? Sisi tukiandika tunaona anwani mpya, mteja akifungua anakuta ileile ya Gmail! Kumbe seva ya kutuma, yaani kompyuta inayozipeleka barua, hakuigusa kabisa. Barua bado zinapita kwa Gmail, na Gmail haikubali utumie anwani ambayo hujaithibitisha kwao, inarudisha ya akaunti uliyoingia nayo. Fundi mzima hajui hilo?

Tukaita wa pili. Huyu angalau aliweka seva ya domeni yetu, ila rekodi za SPF na DKIM, zile zinazothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye domeni yako, hakuzigusa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na mojawapo. Matokeo yake afisa manunuzi ananipigia, "Dada, profoma yako mbona siioni, tunafunga leo." Ipo kwenye spamu! Kazi akapewa mwingine.

Na kinachoniuma zaidi, kile kisanduku cha "jibu kwa" wote wawili walikiacha na anwani ya kijana aliyeshaacha kazi. Mteja akibonyeza kujibu, oda yetu inakwenda kwa mtu ambaye hayupo kwetu. Kisanduku chenyewe kiko palepale chini ya anwani waliyoibadilisha, macho yalikuwa wapi?

Msituambie ni mtandao. Ni kulipua kazi, na mnatulipisha.

Kama kuna fundi Area C, Makole au popote hapa mjini anayeijua kazi hii kweli, aje. Masharti yangu: tutatuma barua ya majaribio kwenye Gmail, tufungue maelezo yake ya ndani, SPF na DKIM zisomeke PASS, kisha tubonyeze kujibu tuone inarudi wapi. Hela natoa baada ya hapo.