Mwacheni Mtoto Apoteze Mpira

*Jumamosi, 16 Agosti 2025*

Hamisi: Shikamooni wote. Kesho saa kumi jioni Chelsea yetu tunafungua ligi ya Uingereza na Crystal Palace. Wiki nzima hii namuwaza huyu dogo tu.

Mama: Marahaba mwanangu. Dogo gani tena?

Hamisi: Estêvão, mama. Winga wetu mpya, Mbrazili, katoka Palmeiras, klabu ya kwao. Ana miaka 18.

Mama: Miaka 18 na kaja peke yake Uingereza? Jamani.

Hamisi: Walimngoja akue kwanza. Sheria za FIFA kwa kawaida hazimruhusu mchezaji kuhama nchi kabla hajatimiza miaka 18. Chelsea walimalizana na Palmeiras tangu Juni 2024, akatimiza umri Aprili mwaka huu, na hata hapo wakamwacha acheze Kombe la Dunia la Klabu na timu yake kabla ya kuja. Mwaka mzima nimesubiri, mama.

Mjomba Saidi: Marahaba. Hamisi, mimi nasema twende taratibu. Hii timu nimeipenda kabla hujaanza shule, na mawinga wa Amerika Kusini nimewaona wakija na kuondoka. Cuadrado alitua Februari 2015. Kombe la Dunia la 2014 alikuwa moto na Colombia. Kwetu hakufunga hata bao moja. Na siku ileile alipokuja, Salah tukampeleka Fiorentina kwa mkopo. Salah! Hilo linaniuma mpaka leo.

Rehema: Pole mjomba 😅

Mjomba Saidi: Tena Piazon. Kijana wa São Paulo, alikuja 2012 akiwa na umri huuhuu wa huyu wa kwenu. Akazungushwa kwa mikopo, Málaga, Vitesse, Frankfurt, Reading, Fulham, kote huko. Akaondoka 2021 akiwa ametucheza mechi moja tu ya ligi. Ile tuliyompiga Aston Villa 8-0, na penalti akakosa.

Hamisi: Mjomba, yote ni kweli, sibishi. Ila na Willian umtaje. Naye winga, naye Mbrazili.

Mjomba Saidi: Willian namtaja kwa heshima. Msimu wa 2015/16 timu ilikuwa inazama, yeye ndiye aliyetushika mkono. Zile faulo zake za Ligi ya Mabingwa, kipa anaruka na mpira uko nyavuni. Lakini Willian alikuja mtu mzima, Hamisi. Miaka 25. Alishacheza Ukraine miaka kadhaa, baridi anaijua, kugongwa anakujua.

Rehema: Hapo mjomba ana hoja. Sisi Arsenal mmetuuzia Madueke mwezi uliopita, naye ni winga wa kulia mwenye mguu wa kushoto kama huyo. Ina maana dogo ndiye anayetegemewa upande ule?

Hamisi: Yeye na Pedro Neto. Na ndiyo maana nina matumaini, Rehema. Nafasi ipo. Kocha wetu Maresca anapenda winga akae pembeni kabisa, akanyage chaki, asubiri. Mpira unazungushwa upande wa pili mpaka mabeki wote wasogee, halafu unahamishiwa kwake. Hapo anabaki yeye na beki mmoja. Huyu dogo ukimwachia beki mmoja umempa zawadi.

Rehema: Umemwona wapi akicheza? Ligi ya Brazil inaonyeshwa usiku wa manane.

Hamisi: Kwani sikeshi? 2024 alifunga mabao 13 na kutoa pasi za mabao 9 kwenye ligi yao, akiwa na miaka 17. Ila siku niliyoamini kabisa ni tarehe 5 Julai. Robo fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, sisi na Palmeiras kule Philadelphia. Huku kwetu saa kumi alfajiri. Nimekaa kwenye mkeka, sauti nimeipunguza watu wasiamke. Tunaongoza bao moja la Palmer wetu. Kipindi cha pili dakika ya 53 dogo anapata mpira kulia, ndani ya boksi. Pembeni mno, pale mtu yeyote angerudisha nyuma au angepiga krosi. Yeye hakutafuta mtu wa kumpa. Kaigusa kidogo, beki kaja, kaichapa juu ya kichwa cha kipa wetu Sánchez, ikagonga chini ya mtambaa wa panya ikaingia. Nilisimama. Timu yangu imefungwa nami nimeshika kichwa nacheka peke yangu gizani.

Mama: Ndiye wewe! Nilisikia mtu anacheka nikasema huyu anaota.

Hamisi: Ndiye mimi, mama. Tukashinda 2-1, baadaye tukachukua na kombe kwa kumpiga PSG 3-0. Lakini bao ninalolikumbuka zaidi kwenye mashindano yale ni lile tulilofungwa.

Mjomba Saidi: Lile bao hata mimi nililiona. Lilikuwa bao.

Hamisi: Sasa mjomba, mimi sitegemei mabao 20. Sitaki hata wamwite Messinho, yaani Messi mdogo, hilo jina mzigo. Naomba kitu kimoja. Wamwache apoteze mpira. Winga anayepiga chenga atapoteza mpira mara tano, ya sita anakufungulia mechi. Tukianza kumzomea ile ya pili, atajifunza kurudisha pasi nyuma, na hapo tutakuwa tumemuua wenyewe. Nimewaona vijana wengi wameharibiwa hivyo, hata kwenye viwanja vya vumbi. Anakuja na chenga zake, anapigiwa kelele "toa mpira!", mwaka mmoja tu amekuwa kama wengine wote.

Rehema: Hili nakubaliana nawe, na mimi si wa timu yenu.

Mama: Huko ana mtu wa kuongea naye lugha yao?

Hamisi: Yupo João Pedro, yupo Andrey Santos, wote Wabrazili. Na Neto ni Mreno, wanaelewana.

Mama: Afadhali. Mungu amlinde miguu.

Hamisi: Amina mama.

*Jumapili, 17 Agosti*

Rehema: 0-0.

Mjomba Saidi: Kaingia kipindi cha pili. Hajaamua chochote.

Hamisi: Dakika thelathini na kitu za kwanza kwenye ligi, mjomba. Nivumilie.

Mjomba Saidi: Nakuvumilia, mwanangu.

*Ijumaa, 22 Agosti*

Hamisi: JAMANI. Palmer kaumia wakati wa kupasha misuli. Estêvão ANAANZA 😭

Mjomba Saidi: Ugenini kwa West Ham, usiku, bila Palmer. Mtihani huo.

Hamisi: Mikono inatetemeka naandika kwa kidole kimoja.

Rehema: Dakika ya 6, Paquetá wa West Ham. 1-0. Shuti la mbali hilo.

Mjomba Saidi: Mpira si umepotelea miguuni mwa dogo?

Hamisi: Ndiyo.

Hamisi: Ndiyo, ni yeye. Nilichokisema Jumamosi nakisema tena sasa, wakati kinauma. Msimtoe mchezoni. Mpeni tena mpira.

Mama: Vipi huyo mtoto?

Hamisi: Kakosea mama. Ila hajajificha, bado anauomba.

Rehema: João Pedro! 1-1. Dakika ya 15.

Mjomba Saidi: Neto! Tunaongoza! Sasa tulieni.

Hamisi: MNAONAAAA

Hamisi: MNAONA HIYO

Rehema: Nimeiona 👏👏

Mama: Kafunga?

Hamisi: Hajafunga mama, KATOA. Dakika ya 34. Kakimbia nyuma ya mabeki upande wa kulia, hakuipiga kwa pupa, kaipitisha chini mbele ya lango, kiungo wetu Enzo akamalizia tu. 3-1. Pasi yake ya kwanza ya bao kwenye ligi na ule mpira aliopoteza, vyote kipindi kimoja!

Mama: Alhamdulillahi. Na mama yake huko aliko anaona.

*Jumamosi, 23 Agosti*

Mjomba Saidi: Hamisi, umeamka? Tano kwa moja. Nimerudia kuitazama ile ya Enzo asubuhi hii mara tatu. Kabla ya kutoa kainua kichwa. Piazon sikuwahi kumwona akipewa nafasi ya kuinua kichwa.

Hamisi: Shikamoo mjomba. Nimeamka, hata sikulala.

Mjomba Saidi: Marahaba. Mechi inayofuata lini?

Hamisi: Fulham, Jumamosi ijayo, tarehe 30. Saa nane na nusu mchana.

Mjomba Saidi: Nakuja kuangalia kwenu. Mwambie mama yako.

Mama: Nimeshasoma, kaka. Karibu.