Naomba ushauri: mwanafunzi wangu ananiiga, na darasa linamsikiliza yeye

Assalaam alaykum walimu wangu. Mimi ni mwanachuo niliyeko katika mazoezi ya kufundisha kwenye skuli moja ya Wete, Pemba, katika darasa la elimu maalumu lenye watoto 8, wengi wao wakiwa na ulemavu wa akili na mmoja akiwa na usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna mtoto anavyopokea mambo kama sauti).

Mvulana mmoja ameniiga mpaka kikohozi: kila nikigeukia ubao, hushika rula, hukohoa mara mbili na kusema, "Haya, tutazame mbele!" Darasa zima hutazama mbele, jambo ambalo mimi sijalipata tangu nifike. Juzi, katika duka letu la kujifunzia sarafu, alikataa shilingi 200 zangu kwa kuwa niliomba bajia bila ya kumsalimia. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tatizo ni kwamba kelele za vicheko humfanya yule mwenye usonji azibe masikio na kujificha chini ya meza. Nimejaribu ratiba ya picha na kona tulivu, na zimesaidia kidogo. Nilimpa pia muigaji wangu kazi ya kuita majina. Siku ya tatu aliniandika mimi mtoro.

Naomba kuuliza: nitautumiaje uigaji huu katika somo bila ya kumuumiza mwenzake? Na mkufunzi akija kunikagua wiki ijayo, nimwache mtoto huyu aongoze sehemu ya somo, au itaonekana kuwa nimeshindwa kulimudu darasa?